Eudosia Rupay, Mpimaji wa Mto Atocmayo

Marehemu Eudosia Rupay Chauca alizaliwa tarehe 14 Machi 1951 hapa kijijini kwetu Huaripata, katika nyumba ile ile alimofia. Alikuwa mtoto wa pili wa mzee Saturnino Rupay na mama Grimalda Chauca. Mimi ninayewasomea, Zenobia, ndimi kitinda mimba wao. Watoto wa marehemu wameniomba nisome kwa heshima na nisichekeshe watu. Nimeahidi lile la kwanza.

Alisoma shule ya msingi ya hapa kuanzia mwaka 1958, akaishia darasa la tatu kwa kuwa kondoo hawakuwa na mchungaji. Mwalimu alikuja nyumbani mara mbili kumwombea arudi darasani. Baba alimpa jibini, akamshukuru, akafunga mlango. Lakini hesabu hazikumtoka. Kondoo themanini aliwahesabu kwa kuwatupia jicho tu, na akikosekana mmoja alijua ni yupi.

Tarehe 22 Agosti 1970 alifunga ndoa na Aquilino Jamanca, mchimbaji wa mgodi wa juu, mtu mpole aliyependa kucheza ngoma na asiyejua kuicheza. Walijaliwa watoto watatu. Mgodi uliwalisha, na marehemu hakukubali mtu asahau jambo hilo hata siku alizogombana na wenye mgodi. Mwaka 1989 shimo la zamani la mgodi huo lilifungwa, wachimbaji wakarudi nyumbani, na maji yakaanza kutoka mdomoni mwa shimo yakiwa na rangi ya kutu. Haikupita miaka mitatu mto wetu Atocmayo ukawa hauna samaki wala chura.

Aquilino alifariki Mei 1998. Siku ya tano, kama ilivyo ada yetu, tulikwenda mtoni kufua nguo zake ili aondoke akiwa safi. Shati la kwanza lilitoka majini na madoa ya kutu. Tulikusanya nguo zote, tukapanda mlima saa tatu nzima, tukazifua kwenye kijito cha watu wa bonde la pili, nao wakatusimamia kama wezi. Dada alilia siku ile kuliko alivyolia kaburini.

"Zenobia," aliniambia tukirudi, "mimi sifuliwi ugenini. Umesikia? Nguo zangu zitafuliwa Atocmayo."

"Basi usife," nikamjibu.

"Sifi mpaka huu mto upone."

Kwa miaka mingi alifuga, akasuka, akauza jibini sokoni. Kazi iliyompa jina ilianza mwaka 2011, kijiji, kampuni ya mgodi na baraza la wilaya walipounda kamati moja ya mto. Sisi tuliamini kampuni inapika takwimu, na kampuni iliamini sisi hatujui kusoma. Ikakubaliwa kwamba kila Jumatatu ya kwanza ya mwezi, mpimaji wa kijiji na wa kampuni wasimame bega kwa bega penye daraja, kila mmoja na kipimo chake cha uchachu wa maji, ambacho namba ikishuka uchachu umezidi, na asiandike mtu mpaka wote wawili wametaja namba zao kwa sauti. Marehemu alijifunza kipimo hicho akiwa na miaka sitini. Desimali zilimkera. "Kondoo sita nukta saba ndio wangapi?" alimwuliza mkufunzi. "Huyo wa saba katoroka na mguu upi?"

Aliongoza akina mama wa ng'ambo zote mbili kuchimba mabwawa tisa chini ya shimo na kuyapanda matete, na kutandaza mawe ya chokaa kwenye mfereji, ili maji yapite taratibu na kuacha kutu yake humo. Kila mwezi aligeuza mawe mtoni akitafuta wadudu wanaoishi kwenye maji safi. Miaka mitano hakuona kitu. Siku moja ya Septemba 2016 akaja kwangu mbio, amebeba kijiko kama amebeba ekaristi.

"Mdogo wangu, tumepata mgeni!"

Nikachungulia. Kidudu chenye mikia mitatu, hakijazi ukucha. "Ndiye huyu? Nimchinjie kuku?"

"Mchinjie!"

Na kuku alichinjwa, tukamla sisi kwa niaba ya mgeni.

Mwaka 2023 maabara iliridhika na kiwango cha madini majini, likabaki sharti moja. Vipimo vya pande zote mbili vikubaliane, au vipishane kidogo tu, na viwe vizuri miezi kumi na miwili mfululizo, ndipo mto ufunguliwe kwa mashamba, mifugo na kufulia. Mwezi mmoja ukiharibika, au ukirukwa, hesabu inarudi mwanzo.

Sasa nasema kosa lake, maana bila hilo hamtamjua. Kwetu mpimaji huupa mto chicha, pombe yetu chachu ya mahindi, kabla ya kuchota, kwa kuwa hatuchukui kitu kwa mtu mikono mitupu. Tarehe 3 Juni 2024, mwezi wa tisa wa hesabu hiyo, dada alisahau nyumbani kikombe chake cha mti. Akaimimina chicha kwa jagi la kuchotea maji, kisha akachotea jagi lilelile. Injinia Ugarte, mpimaji wa kampuni, akataja sita nukta saba. Dada akataja nne nukta nane.

Watu wakawaka. "Injinia kachezea mashine!" "Mwizi huyo, mshikeni!" Dada akalinusa jagi.

"Nyamazeni," akasema. "Mto ni mzima. Mlevi ni jagi."

Injinia alicheka mpaka akakaa majini. Alipoinuka akamwambia, "Mama Eudosia, tuchote tena. Hakuna aliyeumia."

"Ungekosea wewe, ningekuruhusu uchote tena?"

"Usingeniruhusu, mama."

"Basi andika."

Miezi minane ikapotea. Kijiji kizima kilimnunia wiki mbili, na mimi nilikinunisha zaidi. Yeye Jumatatu ya kwanza ya Julai alishuka darajani, akataja namba yake, akaanza moja.

Oktoba mwaka huo moyo ulianza kumsumbua. Hospitalini Huaraz walimpa dawa na kumkataza kupanda na kushuka milima. Akanunua nyumbu wa kumbeba. Alidai daktari alimkataza yeye, siyo mnyama. Kipimo cha kumi na moja, tarehe 5 Mei mwaka huu, alikipima akiwa juu ya nyumbu, injinia akimshikia jagi. Siku zake za mwisho alikuwa kitandani, akili timamu, akimsahihisha kila aliyesali haraka. Alifariki Jumapili tarehe 1 Juni 2025, saa tano asubuhi, wanawe wote wakiwa naye. Neno lake la mwisho kwangu lilikuwa, "Kesho Jumatatu."

Jana basi, Jumatatu, siku ya kipimo cha kumi na mbili. Kwetu jamaa wa marehemu hatoki nyumbani mpaka maiti azikwe. Na kwenye daftari la kamati wapimaji wa kijiji walikuwa wawili tu: marehemu, na naibu wake Zenobia Rupay. Ndiyo, mimi. Nilijiandikisha mwaka 2014 kwa sababu waliokuwa wakijiandikisha walipewa viatu vya mpira. Sikuwahi kupima hata ndoo.

Injinia Ugarte aliingia amevua kofia, akapiga magoti mbele ya jeneza, kisha akanijia. "Mama Zenobia, hakuna atakayekulaumu ukibaki. Tutaanza upya mwezi ujao."

"Tuanze upya? Nenda pale jenezani umwambie mwenyewe."

Hakwenda. Nilimwomba dada ruhusa, nikavaa viatu, nikatoka, na nilipogeuka niliona waombolezaji wote wananifuata, na sahani zao za mote, yale mahindi ya kuchemsha ya msibani, mkononi. Darajani nikachovya kipimo. Niliogopa kuliko siku niliyojifungua. Injinia akataja wa kwanza, sita nukta nane. Nikafuta machozi ili niione yangu. Sita nukta tisa. Sikuitaja, niliipiga kelele. Watu waliimba darajani kwa nguvu, na sioni haya kusema kwamba niliucheza msiba wa dada yangu.

Marehemu ameacha watoto watatu: Nilda, Wilder na Maruja, wajukuu saba, kitukuu mmoja, nyumbu mmoja mkaidi, na mdogo wake mmoja, ambaye tangu jana ni mpimaji wa kijiji na hajui nani amemteua.

Alhamisi ndiyo siku ya tano. Atakayetaka kuja, alete sabuni, asilete viatu vya mlimani. Nguo za dada tunazifua hapa hapa, Atocmayo.

Lala salama, Eudosia.