Bi Harusi wa Kijani

Ndani ya basi, bibi mmoja aliwasikia fundi wa projekta na shangazi wa bi harusi wakibishana kwenye kiti cha mbele yake.

"Harusi kesho, na leo kwenye majaribio uso wa mwanangu ukutani ni kijani kama jani! Nani kakutuma?"

"Hakuna, shangazi. Waya ni mrefu mno, rangi nyekundu inapotelea njiani. Nilipochomeka mfupi, si uso ulirudi?"

"Inapotelea! Na hiyo kijani njia inaijuaje?"

Bibi akabana kicheko. Alishaona kwamba muda wote huo fundi alikuwa amempakatia shangazi kapu lake zito.

Basi likasimama. Shangazi akaukwapua ule waya mrefu begani mwa fundi. "Huu nalala nao mimi!"

Akashuka. Fundi akamfuata na kapu.