Sungura wa Wali

Kwenye feri ya kutoka Likoni nilikaa nyuma ya wanawake wawili wasiojuana, na masikio yangu hayajapata kufunzwa adabu. Yule mdogo alipakata mkebe wa plastiki, kifuniko wazi. Ndani, wali umefinyangwa sungura, macho ya karoti.

"Nimejifunza kwa Wajapani ninaowapikia Kizingo, mama. Mtoto wao bila hivi hali."

"Chakula hakifanywi mwanasesere, mwanangu," akasema yule mkubwa, wa buibui. "Wako huyo wa hospitalini mpelekee uji."

"Uji autapika. Tangu alazwe hajaweka kitu tumboni."

"Na huyo sungura wa jana alimla?"

"Aliniambia, 'Mama, mrudishe nyumbani, hapa wodini anaogopa.'"

"Basi mfanyie samaki," yule wa buibui akasema, ukali umemwisha.

"Samaki naye ana macho, mama, ataogopa vilevile."

Feri ikagonga gati, sikio moja la wali likaanguka. Watu wakainuka wakisukumana kushuka. Yeye alibaki ameinama, akilibandika sikio kwa kidole, na halishiki.