Madawati Yanayokuja na Mgeni

Mgeni rasmi, mwalimu mkuu, wazazi wetu na wote mlioacha shughuli zenu kuja kupiga makofi, tunawasalimu kwa heshima.

KARIBU

Mheshimiwa, tumefurahi kukuona, na hatusemi hivyo kwa adabu tu. Ukija wewe, shule yetu hupata madawati. Jana yaliletwa sitini kwa lori kutoka shule jirani, na leo, ukishatupungia mkono, yatarudi kwao. Ukiinama kidogo utaona nembo ya wenyewe ubavuni. Tafadhali usiiname sana, mwalimu mkuu ana presha.

HISTORIA FUPI

Shule hii ilijengwa na wazazi kwa mikono yao, nayo serikali ikaahidi kumalizia. Bado inamalizia. Madawati ya mwanzo yalivunjika moja moja, la mwisho likatuaga miaka saba iliyopita, na tangu hapo watoto wanakaa sakafuni, mahali ambapo hakuna anayeweza kuanguka.

Mwaka juzi ulitutembelea. Ulizunguka madarasa, ukapapasa madawati ya watu, ukauliza, "Mna shida yoyote?" Mwalimu mkuu akaona haya kumtia mgeni simanzi, akajibu, "Hakuna, mheshimiwa, tunashukuru." Nawe ukaandika kwenye kitabu cha wageni: "Nimeridhika. Madawati yanatosha." Mwandiko wako ni mzuri, hongera. Kwa maneno hayo matatu tuliondolewa kwenye orodha ya shule zinazosubiri madawati. Hatukulaumu hata kidogo. Tulitandika kitanda cha kuazima, mgeni akadhani tunalala pazuri.

MAFANIKIO

Fanikio letu kubwa ni binti mmoja wa darasa la saba, mtoto wa mama dobi. Wenzake humwita Wima, naye huitika bila kununa. Alianguka akiwa mdogo na goti lake la kushoto halikunjiki, kwa hiyo sakafuni hawezi kukaa. Husimama dirishani, daftari juu ya ukingo, toka saa mbili asubuhi mpaka saa nane mchana. Mwalimu wake alimpa kiti chake mwenyewe, lakini kiti hakina pa kuwekea daftari. Mama yake aliwahi kuleta meza yake ya kupigia pasi. Siku tatu baadaye wenye nguo wakaja juu, na meza ikarudi kazini.

Wima hukaa kwenye dawati wageni wanapokuja tu. Kila Jumatatu alikuwa akimuuliza mwalimu wa hesabu, "Mwalimu, mgeni anakuja lini?" Sisi, kwa akili zetu timamu, tukadhani anapenda kuwaimbia wageni.

Muhula uliopita walikuja wakaguzi. Lori likaja, Wima akaketi siku mbili nzima, akafanya jaribio la hesabu na kupata arobaini na sita kati ya hamsini. Hakuna aliyemkaribia. Wiki mbili baadaye, dirishani pake, alipata ishirini na tisa. Mwalimu akamwita pembeni.

"Mwanangu, umepatwa na nini? Hesabu ni zile zile!"

"Najua, Mwalimu. Mguu uliniuma, nikaandika haraka haraka ili nimalize nipumzike. Samahani."

Aliomba samahani yeye! Mwalimu akatoka nje akasema anafuta miwani. Alilia, mheshimiwa, na miwani hana.

CHANGAMOTO

Rasimu ya kwanza ya risala hii haikuwa na sehemu hii. Mwalimu mkuu alituomba, "Jamani, andikeni mazuri tu. Mtanihamishisha." Tukaandika mazuri, yakajaa nusu ukurasa.

Juzi mama dobi alimfuata ofisini, mikono ingali na povu, wala hakukaa.

"Mwalimu mkuu, mtihani wa mwisho ni wiki tatu zijazo. Mwanangu ataufanya amesimama?"

"Mama, tutaazima kwa majirani."

"Majirani nao wanafanya mtihani siku hizo hizo. Nimewauliza."

Mama dobi alipotoka, mwalimu mkuu alituita ofisini, akatuambia, "Andikeni yote." Ndiye huyo hapo kando yako anayetokwa na jasho. Anaogopa kweli, lakini hajatuzuia, na sisi tunamheshimu leo kuliko jana.

MAOMBI

Hatuombi ghorofa, wala kompyuta, wala picha yako nyingine ya kutundika ofisini. Tunaomba madawati yetu wenyewe, yale yanayobaki mgeni akiondoka, nayo yafike kabla ya mtihani. Mtoto huyu ana uwezo wa kwenda sekondari nzuri, na kinachomzuia ni ubao mmoja wa kuandikia na mwingine wa kukalia. Ikishindikana, tunakuomba uhamie hapa wiki tatu. Chumba tutakitafuta, na kila asubuhi tutakuimbia.

Mheshimiwa, tumekuona ukitazama saa mara mbili. Ni kweli risala imekuwa ndefu, na si kwa kukosa adabu. Wima hayupo hapa uwanjani. Yuko darasani, ameketi, anafanya mtihani wa majaribio na mwalimu wa hesabu anamsimamia. Asubuhi alituomba, "Someni polepole. Akiondoka tu, watayapakia." Tumesoma polepole kadiri pumzi zilivyoturuhusu. Tumetuma mtu kuchungulia, amerudi na kusema bado maswali kumi na mawili.

Soda yako hiyo hapo, mheshimiwa. Inywe taratibu.

Mwenyezi Mungu akupe afya, akuzidishie huruma, na akujalie safari njema, ila isiwe sasa hivi.

Ni sisi,
Walimu na wanafunzi wa darasa la saba.