Radisav Perunčić na Bastola Iliyobaki Msumarini

Ndugu waombolezaji, mtakayoyasikia hapa hakuna atakayeyaamini, hasa kwa kuwa anayesoma ni shemeji wa marehemu, Blagoje, ambaye hata akisema mvua inanyesha mnachungulia nje kuhakikisha. Leo mwaminini.

Marehemu Radisav Perunčić alizaliwa tarehe 3 Mei 1938 kijijini Lipova Strana, juu ya Kolašin, mtoto wa pekee wa Gavrilo. Alibatizwa mikononi mwa Luka Bojović, na kwetu baba wa ubatizo ni zaidi ya ndugu wa damu. Majira ya baridi ya 1943 Wataliano walimkamata Luka wakamuua. Kila mwaka Gavrilo alimshika mwanawe mkono hadi kaburini kwa Luka, akalia kuliko ndugu wote wa Luka.

Alisoma madarasa manne hapahapa kijijini. Gavrilo alikuwa na bastola aliyosema alimnyang'anya kapteni wa Kiitaliano darajani, na Radisav alipigana na yeyote aliyetia shaka. Jino lake la mbele lilibaki uwanjani kwa ajili ya kapteni huyo.

Alifanya kazi ya reli, kwanza ujenzi, kisha matengenezo, hadi alipostaafu mwaka 1998. Tarehe 20 Oktoba 1963 alimwoa Darinka, dada wa msomaji, ambaye alikuwa anatakiwa na nusu ya wilaya. (Darinka anasema walikuwa wawili. Sawa.)

Gavrilo alifariki Machi 1979. Radisav aliiweka bastola juu ya jeneza ili watu waone alikuwa baba wa aina gani. Stanija, dada wa Luka, alikuja kutoka Nikšić kuzika. Akasimama, akainama juu ya jeneza.

"Hii ya nani?"

"Ya baba, dada. Alimnyang'anya kapteni."

"Kapteni huyo naye alifuga kondoo? Maana hiki kipande cha mpini ni pembe ya dume letu jeusi. Nilimshikia Luka akikichonga."

Mnajua kwetu mgeni akifika mlangoni humkabidhi mwenyeji silaha yake, mwenyeji akaitundika, na tangu hapo roho ya mgeni ni amana yake.

"Nilikuwepo, mdogo wangu. Nilikuwa na miaka tisa, wewe umelala. Luka alimpa baba yako hii mlangoni kwenu, naye baba yako akaitundika msumarini. Kisha baba yako akasema anakwenda kuangalia kondoo. Akarudi na Wataliano. Nilipomwambia mama, akasema nimeota. Mpaka leo nilidhani niliota."

Radisav aliiondoa bastola juu ya jeneza. Hakumtupia baba yake udongo, wala hakukanyaga tena kaburi lile. Kwa nini Gavrilo alifanya vile, alikwenda na jibu lake.

Wiki iliyofuata Radisav aliipeleka bastola Nikšić. Stanija alimpokea mlangoni, akaichukua mkononi mwake, akaitundika, akamvutia kiti.

"Kaa ule. Humu hakuna anayetoka kuangalia kondoo."

Radisav alikula huku machozi yanadondokea sahani. Nyumbani aliuacha ule msumari ukutani, na hakutundika tena kitu, hata kofia. Kila sikukuu ya mtakatifu wa ukoo, mshumaa ukishawashwa, alisimulia habari yote bila kumficha baba yake.

Aliugua mapafu tangu 2010, akafariki hospitalini Podgorica tarehe 14 Februari 2012. Ameacha mjane, Darinka, mabinti, Milena na Zorka, wajukuu wanne, na Stanija, ambaye marehemu alimwita dada hadi mwisho, na hakukosea.

Alale salama mtu huyu aliyeirudisha bastola kwa miguu, milima yote, theluji hadi kifuani, mbwa mwitu saba nyuma yake, la, kumi na…

Kila Blagoje alipoisimulia safari hii, hapa ndipo marehemu, hata akiwa wodini, alikuwa akifumbua jicho moja.

"Shemeji, nilipanda basi. Nilikaa kiti cha nyuma, nimeifunika kwa kofia, na njia nzima sikuweza kumtazama mtu usoni."