Fundi Plasta: Wasifu wa Kaka Aliyebeba Kosa Langu

Marehemu kaka yangu, ambaye wengi wenu mlimwita Fundi Plasta na baadhi yenu, msinifiche, mlimwita Kichwa, alizaliwa Jumatano tarehe 14 Machi 1951 katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha matofali alichofanyia kazi baba yetu. Alikuwa kifungua mimba. Mimi ninayewasomea ni kitinda mimba, na kati yetu kuna miaka kumi na mitatu, kwa hiyo kwangu alikuwa nusu kaka nusu mzazi. Ndiye aliyenifundisha kufunga kamba za viatu. Mimi ni wa mkono wa kushoto, naye alikaa jioni nzima akifunga kinyumenyume ili aone ninavyoona mimi. Mama alimwambia aniache nivae ndala. Akajibu, "Atajua tu, Mama. Huyu si mzito, amegeuzwa."

Alisoma shule ya msingi iliyokuwa kando ya reli kuanzia mwaka 1959 hadi 1966, akaendelea na sekondari kwa miaka miwili. Baba alipoumia mgongo kiwandani mwaka 1968, kaka aliacha shule akaenda kupakia matofali ili sisi wadogo zake tusome. Hakutusimanga hata siku moja. Baadaye, akiwa mtu mzima mwenye ndevu, alirudi darasani kwa masomo ya jioni, na mwaka 1977 akapata cheti cha uchoraji ramani. Mama alikitundika ukutani juu ya picha ya harusi yake mwenyewe.

Tarehe 2 Februari 1972 aliajiriwa na makumbusho ya taifa kama mfagizi. Katika karakana ya visukuku, yaani mifupa ya kale iliyogeuka jiwe, wenzake walifagia vumbi wakalimwaga. Yeye alilichekecha kwanza. Mwezi wa tatu tu wa kazi alipata humo jino dogo kama punje ya mchele, akampelekea mkuu wa karakana kwenye kiganja, na ufagio ukapewa mtu mwingine. Tangu hapo kazi yake ikawa kuchimba mifupa, kuifunga kwa magunia na plasta isivunjike njiani, na kuisafisha kwa brashi na sindano. Alikuwa akiongea nayo. Nilimsikia kwa masikio yangu akiuambia uti wa mgongo, "Tulia, bwana. Umesubiri miaka milioni mia moja, utashindwa kusubiri nimalize chai?"

Tarehe 8 Desemba 1979 alifunga ndoa na wifi yangu, mshonaji, ambaye alikuwa amekuja makumbusho kupima mapazia ya ukumbi. Fundi Plasta alimshikia ngazi siku mbili mfululizo, ingawa wifi anasema ngazi ile ilikuwa imeegemea ukuta vizuri tu. Walijaliwa watoto watatu.

Sasa nimefika mahali ambapo nilitaka kupita mbio. Rasimu yangu ya kwanza ilisema, "Mwaka 2005 alihamishiwa dirisha la tiketi," basi, nikaruka kwenye kustaafu. Niliisoma ile rasimu nikaona haya, nikaichana.

Mwaka 1986, kuanzia Juni hadi Septemba, kaka aliongoza wachimbaji waliomtoa yule dinosaria mnayemjua nyote, yule wa kwenye majalada ya madaftari, ambaye mifupa yake haijapatikana katika nchi nyingine yoyote duniani. Kila kifurushi cha plasta alikifunga lebo yenye namba ya shimo ulimotoka mfupa. Kabla ya safari ya kurudi akashikwa na homa ya matumbo, akalazwa wiki tano. Vifurushi sitini na kimoja vikatangulia kwa lori, mvua ikinyesha njia nzima. Vilifika tarehe 9 Oktoba, na aliyevipokea ni mimi. Nilikuwa karani mpya wa bohari, na kazi hiyo kaka ndiye aliyeniombea.

Lebo mbili zilikuwa zimekatika, ziko chini sakafuni mwa lori. Sheria ilikuwa nyepesi: kifurushi kisicho na lebo kiandikwe "hakijulikani", kimsubiri mchimbaji wake. Lakini nilikuwa na siku kumi na moja kazini, na mkuu wa bohari alikuwa mtu wa kufoka. Niliogopa kuonekana mzembe. Nikaziokota zile lebo, nikazifunga kwa kubahatisha, nikaweka sahihi kwamba vyote sitini na kimoja vimefika salama. Nilibahatisha vibaya. Taya la mnyama mwingine, wa shimo jingine, likawa kichwa cha dinosaria wetu.

Kaka alipotoka hospitalini, vifurushi vilikwisha kufunguliwa. Alilikodolea macho lile taya, akamwambia mtaalamu aliyekuwa akiichunguza mifupa, "Mwili wa mla majani, meno ya mla nyama. Hapa pana kitu." Mtaalamu akacheka. "Ndiyo maajabu yake hayo, Fundi!" Mwaka 1989 spishi mpya ikatangazwa kwa shangwe, na kile kichwa cha ajabu kikachorwa kila mahali. Nilipiga makofi pamoja na wengine. Sikuwa na hakika, lakini nilijua vya kutosha kuuliza, na sikuuliza.

Mwaka 2005 walikuja wataalamu wageni kuipima mifupa ile. Wakakuta udongo ulionasa ndani ya taya ni mwekundu, na ule wa kwenye mifupa ya mwili ni wa kijivu. Magazeti yakatucheka wiki nzima. Tarehe 17 Mei kikao cha uchunguzi kikamwita kaka na kumuuliza kama aliunganisha wanyama wawili kwa makusudi ili apate sifa. Wakampa picha za vifurushi zilizopigwa bohari siku vilipopokelewa. Moja aliitazama kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Lebo ni kazi ya mchimbaji, na mchimbaji ni mimi." Maneno hayo yamo katika muhtasari wa kikao kwa mwandiko ulionyooka, na mwandiko huo ni wangu. Nilikuwa katibu. Nilikaa mita mbili kutoka kwake, na neno pekee nililomwambia siku ile ni kumwomba arudie sentensi ili nisikosee kuiandika.

Alitolewa karakana, akawekwa dirisha la tiketi hadi alipostaafu mwaka 2011. Hapo ndipo jina la Kichwa lilipoanza. Ukumbini mnyama alibaki shingo ikiishia hewani, na watoto wa shule walimuuliza, "Babu, kichwa chake kiko wapi?" Akawajibu, "Kinatafutwa. Mkikiona nileteeni." Wakacheka, naye akacheka nao. Wanawe hawakucheka. Mdogo wao alihama shule kwa sababu ya utani huo, na mimi, shangazi yake, ndiye niliyemnunulia sare za shule mpya nikasifiwa kwa moyo wangu mwema. Wahenga walisema siku za mwizi ni arobaini. Zangu zilipita elfu kumi na tatu, na aliyeadhibiwa alikuwa mwingine. Machi mwaka huu nilistaafu na cheti cha uaminifu kazini.

Vumbi la mawe na plasta lilimmaliza mapafu. Alianza kukohoa mwaka 2019, akalazwa mara nne, ya mwisho tarehe 22 Julai. Jumapili tarehe 4 Agosti nilikuwa namlisha supu aliponiambia, "Lile fundo la lebo, kwenye picha. La mkono wa kushoto. Nilikufundisha mwenyewe, ningelisahau?"

Nilikirudisha kijiko bakulini. "Kwa nini hukusema, kaka?"

"Ungefukuzwa. Wakati ule ulikuwa na mapacha shuleni, huna mwenza. Mimi walinihamisha kiti tu."

Haikuwa kiti tu, na sote wawili tulilijua hilo. Palepale nilipaswa kupiga magoti. Badala yake nilimuuliza kama supu ina chumvi ya kutosha. Nikajiambia nitamwomba radhi nikishapanga maneno. Jumatatu nzima nilipanga maneno. Alifariki Jumanne tarehe 6 Agosti 2024, saa nne asubuhi, na maneno yangu bado ninayo.

Juzi nilimweleza wifi yote. Hakupiga kelele. Alikuwa akikunja mashati ya marehemu, akayakunja mpaka la mwisho, ndipo akasema, "Hayo uliyoniambia kayasome mbele ya watu. Na yachapwe kabisa kwenye karatasi, maana nakujua, ukisimama utapunguza." Ndiyo maana mnayasoma pamoja nami. Mpiga chapa aliniuliza mara mbili, "Mama, una hakika?"

Mkurugenzi wa makumbusho yuko hapa. Barua yangu yenye sahihi ipo mezani kwake tangu jana, pamoja na kile cheti cha uaminifu. Marehemu hakukosea lebo hata moja. Hakuunganisha mifupa. Ni yeye peke yake aliyesema hapa pana kitu. Naomba arudishiwe jina lake katika kumbukumbu za taifa, na langu liandikwe panapostahili. Sitarajii wifi anisamehe, wala watoto wake hawa watatu, na sitawaomba leo mbele ya jeneza.

Marehemu ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu watano, wadogo zake wawili wa kiume, na mdogo mmoja wa kike aliyekula heshima isiyo yake.

Apumzike kwa amani ambayo mimi, akiwa hai, nilimnyima.