Pipa la Mchanga Pale Kambini

Mchungaji amenipa dakika kumi. Wale wananijua wanajua zitabaki, lakini hii leo nitazimaliza, hata sauti ikikataa.

Mimi ni polisi wa akiba. Kazi yetu huko nyuma ya Kitengela ni kulinda mifugo, na tukitoka doria lazima tutoe risasi kabla bunduki ziingie stoo. Unatoa magazini kwanza, ile kasha ya risasi. Halafu unakoki, yaani unavuta kishikio nyuma, ili ile risasi imebaki kwa chemba iruke nje. Unaangalia, unaingiza kidole uhakikishe, ndio unavuta triga ikiwa tupu. Nilikuwa nimefanya hivyo miaka mingi, nikajiona fundi.

Siku moja mkono ulikuwa kwa magazini wakati mzee mmoja, rika ya baba yangu, aliingia kambini kuuliza ndama yake. "Sopa," akanisalimia kwa Kimaasai. Nyinyi watu wa huku nawauliza, ni nani anaweza kumwacha mzee na salamu mdomoni? "Ipa," nikajibu, nikampa mkono, tukaulizana watoto, ng'ombe, nyasi, mvua. Alipoenda kukaa nilirudi kwa bunduki nikiwa na hakika magazini nimeshatoa. Sikuangalia. Nikakoki, risasi moja ikaruka nje na nyingine ikapanda mahali yake kutoka kwa magazini. Nikaelekeza mtutu chini, nikavuta.

Chini tulikuwa tumepanga mawe ya machimbo kama sakafu. Risasi iligonga jiwe, ikaruka, ikavunja mguu wa mwenzangu aliyekuwa anakunywa chai. Ni mtu wa kutoka magharibi, na tumekula sahani moja miaka.

Ndugu zangu, nawaambia ukweli: sikuenda hospitali kumwona. Bunduki ilichukuliwa, uchunguzi ukaanza, nikarudi bomani kufuata mbuzi. Mke wangu alimpelekea uji kila wiki, na mimi kila wiki nasema mbuzi hawana mtu. Niliona aibu sana. Mlango ukigongwa na upepo, naruka.

Halafu mchana mmoja mwenzangu alishuka kwa bodaboda na magongo yake mawili. Nilitafuta pa kutorokea.

"Kaa chini," akaniambia. "Mguu ni wangu na mimi sijaukimbia. Wewe unaukimbia kwa nini?"

Nikakaa.

"Mkubwa amekubali tuweke pipa la mchanga pale kambini. Mimi siwezi kuchimba. Kuja uchimbe."

Nilienda siku hiyo hiyo. Nilichota mchanga mtoni, nikauchunga, naye ameketi kwa mtungi wa plastiki akitupa nje hata kajiwe ka ukubwa wa maharagwe. Mtutu unaingia kwa tundu la pipa, na mtu akikosea, risasi inazikwa kwa mchanga, hairudi kwa mtu. Tulipomaliza niliomba kufunzwa upya, pamoja na wale wapya kazini. Walinicheka. Niliwaacha wacheke, nikaendelea.

Uchunguzi ulipoisha, bunduki ilirudishwa. Siku za kwanza mwenzangu alisimama nyuma akinitajia hatua moja moja kwa sauti.

Mwezi uliopita nilikuwa nimeingiza mtutu kwa pipa wakati baba ya mke wangu alifika. "Sopa." Sikugeuka. "Sopa," akarudia, na sauti imebadilika. Nikatoa magazini. Nikakoki, nikaangalia, nikagusa ndani, nikavuta. Tik. Nikaweka bunduki chini ndio nikamwendea. "Ipa, baba. Nisamehe, nilikuwa natoa risasi."

Alitazama pipa, akanitazama. "Mimi ni mtu wa kungoja mvua," akasema. "Nitashindwa kukungoja wewe?"

Namshukuru mke wangu, aliyeenda mahali mimi niliogopa. Namshukuru mwenzangu, ameketi pale nyuma. Anachechemea, na atachechemea mpaka mwisho. Hiyo sitaipunguza mbele ya Mungu. Somo langu ni moja: ukikatizwa katikati ya kazi inayoweza kuua, anza upya kutoka mwanzo. Na mkinipata pale kwa pipa, tafadhali msinisalimie. Nikimaliza nitawafuata mwenyewe, na nitauliza mpaka habari ya kuku.