Enok Løvstrøm na Mbwa wa Mkewe

Ndugu, jamaa na majirani wote wa kijiji chetu cha Saattut, huku kaskazini kwenye barafu, tunayemsindikiza leo Jumamosi, tarehe 2 Machi 2024, ni Enok Jeremias Løvstrøm, mvuvi, baba na babu yetu.

Marehemu alizaliwa hapahapa Saattut tarehe 9 Machi 1946, mtoto wa pili wa Jeremias na Sabine. Bibi Sabine alikuwa akisimulia kwamba asubuhi ile mbwa wao jike naye alizaa chini ya ngazi, na mumewe akabaki katikati ya mlango, hajui aanze kumpongeza nani.

Alisoma shule ya kijijini kuanzia mwaka 1953 hadi 1960. Alipenda hesabu na nyimbo za kanisani. Siku moja aliingia darasani na mtoto wa mbwa ndani ya koti, na mbwa huyo akaanza kulia katikati ya sala.

“Enok, ni tumbo hilo?” mwalimu akauliza.

“Ndiyo, Mwalimu. Lina meno.”

Mwaka 1961 baba yake alimpa mbwa wake wa kwanza wa kuvuta sileji juu ya theluji, akaanza kuvua samaki wa halibuti kwenye barafu. Kazi hiyo aliifanya maisha yake yote. Mbwa wake hawakuwa wanene wala hawakukonda. Akirudi kutoka kwenye barafu mbaya, alikagua miguu yao mmoja mmoja kabla hajavua viatu vyake mwenyewe. Kamba zikisokotana, alizifungua kwa mikono mitupu hata kwenye baridi kali, maana glavu haisikii fundo. Watoto wa mbwa aliwaacha wazurure kati ya nyumba na kulala na watoto wetu, lakini wakubwa walikaa kwenye minyororo, na pale mnyororo ulipoishia aliweka mawe yaliyopakwa rangi nyekundu. Mtoto aliyevuka jiwe alirudishwa kwao ameshikwa sikio, hata awe wa mchungaji.

Alifunga ndoa na Rebekka wa kijiji cha Ikerasak tarehe 13 Aprili 1969, katika kanisa la mji wa Uummannaq. Alimfuata bibi harusi kwa sileji ya mbwa. Njiani mbwa wakamwona sili mnono wa baharini akiota jua juu ya barafu, wakamkimbilia huku Rebekka yuko juu ya sileji, nguo ya harusi na vyote. Walifika kanisani wamechelewa sana, bibi harusi amekalia sili ambaye bwana harusi alikuwa amemuua.

“Enok,” mchungaji akasema, “umeleta mke au kitoweo?”

“Vyote, Mchungaji. Ila ubariki upesi, hiki cha chini kinaganda.”

Walijaliwa watoto watatu. Bibi Rebekka alifariki tarehe 18 Novemba 2019. Januari iliyofuata mimi, mjukuu wake, nilijifungua binti, na kama ilivyo desturi yetu akapewa jina hilo la Rebekka. Tangu siku hiyo Babu alimwita “mke wangu.” Aliingia kwetu kila asubuhi akiuliza, “Mke wangu ameamkaje? Amenuna?” Na mjomba Gerth, mwana wao, mtu mzima mwenye ndevu, akawa anamwita mtoto wangu “Mama,” kwa kuwa ndiye mama yake amerudi.

Kikohozi kilimwanza mwishoni mwa mwaka 2022. Septemba mwaka jana daktari alimwambia ahamie mjini, awe karibu na hospitali. Hakuogopa kufa. Alichoogopa ni mbwa. Mbwa asiye na wa kumlisha hupigwa risasi, hilo hapa hakuna asiyelijua, na watoto wake wote wana pikipiki za theluji.

Jioni moja, kabla Babu hajahamia mjini, mjomba Gerth alikuja kwetu kuzungumza naye.

“Baba, tuseme ukweli. Mbwa wanakula kiangazi chote na hawafanyi kazi. Pikipiki yangu ikilala, haili.”

“Na ikikufia huko kwenye barafu, itanusa njia ya kukurudisha?”

“Sasa nani atawatunza?”

Babu alikohoa kwanza. “Mbona unaniuliza mimi? Tulipooana nilimpa mama yako mbwa wote. Kamuulize mwenyewe.”

Tulicheka. Gerth hakucheka. Mtu hampuuzi mama yake. Alipiga magoti sakafuni mbele ya Rebekka, aliyekuwa anachezea kijiko, akavua kofia.

“Mama, wale mbwa wako tuwafanyeje?”

Rebekka alimtazama kama anayetazama mjinga. “Hawajala,” akasema. “Nenda.”

Gerth akaenda. Na kesho yake akaenda. Bahari ilipoganda aliwafunga kwenye sileji, eti anawanyoosha miguu tu. Pualu, jike anayeongoza, alimwangusha kwenye theluji mbele ya kijiji kizima, na siku hiyo Gerth alirudi nyumbani anaimba. Pikipiki sasa ina theluji hadi kwenye kiti.

Alimsimulia Babu haya yote huko hospitalini, pembeni ya kitanda. Babu alimhoji kucha za nani zimekatika, nani anagombana na nani, mpaka akaridhika. “Pualu usimfokee,” akasema. “Anakasirika wiki nzima, kama mama yako.” Alifariki usingizini Jumatano, tarehe 21 Februari 2024, akiwa na miaka sabini na saba.

Ameacha watoto watatu, Gerth, Amalie na Juliane. Ameacha pia wajukuu, vitukuu, na mkewe Rebekka mwenye miaka minne.

Jeneza litapelekwa makaburini kwa sileji yake. Mjomba Gerth ameahidi kwenda polepole, lakini mbwa hawajui mwendo wa msiba. Akina mama, tafadhali shikeni watoto, na wazee msisimame njiani.

Babu yetu apumzike bila wasiwasi. Mbwa wana mwenyewe.